Jibu kwa binti wa Chamwino anayetaka kusomea anthropolojia ng'ambo

Swali: Shikamoo Daktari. Nina miaka 27, ni Mgogo, naishi Chamwino, Dodoma, na nafanya kazi ya mkataba kwenye asasi inayoshughulikia ardhi vijijini. Nilimaliza shahada ya kwanza ya sosholojia nikiwa na GPA ya 3.6. Nataka kusomea anthropolojia ya utamaduni na jamii ngazi ya uzamili nje ya nchi, niandike mila za Wagogo zisipotee, maana hata kazini naona familia zikigombania makaburi pindi mashamba yanapopimwa viwanja. Baba anauliza nitakula nini na digrii ya mila. Rafiki yangu anasema hiyo ni elimu ya wakoloni. Naomba uniambie niende nchi gani, nani atanilipia, na je, inafaa Mgogo kuwatafiti Wagogo wenzake?

Marahaba, mwanangu. Mbukwa.

Umeniuliza mambo kadhaa, na nchi umeitanguliza. Nitajibu yote, ila nchi nitaichelewesha makusudi. Nimewaona vijana wengi wakianza na nchi, wakafuata chuo, wakafuata ufadhili, halafu usiku wa mwisho kabla dirisha halijafungwa ndipo wanakaa kutafuta cha kuandika kwenye barua ya kueleza nia ya kusoma. Barua hiyo ndiyo inayowaangusha. Wewe anzia huko.

"Niandike mila za Wagogo zisipotee." Sentensi hiyo naijua, nimeisoma kwenye maombi mengi, kabila tu ndilo linalobadilika. Ndani yake mna mapenzi, na mapenzi hayo usiyatupe. Lakini haijawa swali. Mtu anayesoma maombi yako akiwa Oslo au Cape Town haoni utaenda kwa nani, utamuuliza nini, wala utajuaje kwamba umeshapata jibu. Tena sentensi hiyo inazichukua mila kama nafaka iliyokwisha kuvunwa, iko kwenye kihenge, na kazi iliyobaki ni kuihamisha kabla mchwa hawajaifikia. Wakati Wagogo unaowajua wewe, wanaolima zabibu Hombolo, wanaouza viwanja Ihumwa, akina mama wanaopiga ngoma ya muheme kwenye mapokezi ya viongozi, wote hao wanazifanya mila kila siku, na kila siku wanazigeuza kidogo.

Mimi mwenyewe nilikosea hapo hapo. Maombi yangu ya kwanza yalihusu "utamaduni wa watu wa Tanzania ya kati", na yalikataliwa kwa mistari miwili. Mwaka uliofuata niliandika jambo moja tu: nani mwenye haki ya kufungua kihenge cha uwele katika nyumba yenye wake wawili, na nini hutokea mwaka wa njaa. Jambo dogo, la jikoni kabisa. Nikapokelewa, na jambo hilo dogo likanipeleka kwenye ndoa, urithi, mvua na siasa ya kijiji.

Sasa rudi kwenye barua yako. Kuna maneno uliyoyapitisha haraka, kama mtu anayetaja hali ya hewa: familia zinagombania makaburi mashamba yanapopimwa. Mwanangu, hilo ndilo swali lako. Ungeniuliza mimi, ningekwambia uache vyote ulifuate.

Angalia lilivyo na mizizi. Mwaka 1970 hadi 1971 Operesheni Dodoma iliwahamisha watu wa Ugogo kutoka kaya zilizotawanyika na kuwaweka kwenye vijiji vya ujamaa. Nyuma yalibaki mahame, na kwenye mahame yalibaki makaburi. Mwaka 1973 ikaamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yatakuwa Dodoma, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA), ambayo kwa zaidi ya miaka arobaini ndiyo iliyokuwa na kauli juu ya ardhi ya mji huu mpaka ilipovunjwa mwaka 2017. Mwaka 2016 Serikali ikatangaza kuhamia kweli kweli, mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji, na Mji wa Serikali ukasimama Mtumba. Kwa hiyo familia moja inaweza kuwa na kaburi la babu kwenye mahame, nyumba kwenye kijiji cha operesheni, na jina kwenye ramani ya viwanja. Siku mpimaji anapofika, kaburi linageuka ushahidi. Linamshuhudia nani? Mtoto wa kiume aliyebaki? Binti aliyeolewa Mpwapwa? Mjomba aliyekuwa akilitambikia? Na fidia ya kaburi likihamishwa anapokea nani, na anaigawaje ili wafu na walio hai waridhike wote?

Ukisoma maandishi ya zamani swali hilo linazidi kunoga. Mathias Mnyampala, mshairi, mwana wa Ugogo, alichapisha mwaka 1954 kitabu cha Kiswahili kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo. Kitafute ukisome chote. Halafu mwanaanthropolojia Peter Rigby aliyefanya utafiti Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960 alichapisha mwaka 1969 kitabu kuhusu ng'ombe na ukoo kwa Wagogo. Katika maelezo ya Rigby, watu walihama mara kwa mara wakifuata mvua na malisho. Kilichowafunga pamoja kilikuwa ng'ombe na udugu, siyo kipande cha ardhi. Mtu aliweza kuweka ng'ombe wake kwa rafiki au shemeji wa mbali ili ukame ukipiga huku kule pasalie kitu. Hapo ndipo pa kutulia: katika nchi ambayo utajiri ulikuwa na miguu, inakuwaje leo ndugu wanashitakiana juu ya mita za mraba? Hakuna aliyelijibu swali hilo vizuri kuliko utakavyoweza wewe, kwa sababu upo hapo yanapotokea.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza haina ada. Nunua daftari gumu. Kwa miezi mitatu, mara moja kila wiki, nenda mahali pale pale: kama ni kwenye baraza la ardhi la kata, iwe hilo, kama ni mnada wa Msalato, uwe huo. Kaa. Usihoji mtu kwa dodoso. Ukirudi nyumbani, jioni ile ile kabla hujalala, andika ukurasa mmoja au miwili: nani alikaa wapi, nani alisema kwanza, neno gani lilitumika kwa "shamba" na lini likageuka kuwa "kiwanja", nani alinyamaza. Maneno ya Kigogo yaandike kwa Kigogo, usiyatafsiri haraka. Majina ya watu usiyaandike kamili, tumia alama unazozijua mwenyewe. Na kama upo pale kwa kofia ya asasi yako, waambie kwamba haya ya daftari ni yako binafsi, na anayekataa muache. Hii ndiyo anthropolojia. Mengine yote utakayofundishwa ng'ambo, nadharia na majina makubwa, yatakaa juu ya uwezo huu wa kuketi, kusikiliza na kuandika. Wapo wanaofika kule wakiwa hawajawahi kuufanya hata siku moja.

Na kama Kigogo chako ni cha salamu na matani tu, kirekebishe sasa. Nimeona watafiti wazawa wakihitaji mkalimani kwa bibi zao. Wazee husikitika.

Nije kwenye swali lako la mwisho, maana linashikamana na hili: je, inafaa Mgogo kuwatafiti Wagogo? Inafaa, na siyo jambo jipya. Jomo Kenyatta alisoma anthropolojia London School of Economics chini ya Bronislaw Malinowski, akawaandika Wakikuyu wenzake, kitabu kikatoka mwaka 1938. Lakini usidhani kuzaliwa mahali kunakupa majibu. Kuna taabu ambayo mgeni haipati. Mgeni akiuliza kwa nini watani wanazuia jeneza lisitoke mpaka wapewe chochote, atakaliwa chini na kuelezwa kwa saa nzima. Ukiuliza wewe, utaambiwa, "Si unajua?" Na kweli unajua, kwa mwili, ila huwezi kukieleza unachokijua. Itabidi ujifunze kuuliza upya mambo uliyonyonya pamoja na maziwa.

Taabu ya pili ni nafasi yako. Wewe ni binti wa fulani, wa ukoo fulani, hujaolewa au umeolewa. Yapo mambo ambayo mtu wa rika la baba yako hatayatamka mbele yako, na wapo wakwe ambao huwezi kuwauliza habari za uzazi bila kuvunja heshima. Usilazimishe. Andika kwenye tasnifu yako kwamba hukuweza kuuliza na kwa nini hukuweza, maana hilo nalo ni jibu. Taabu ya tatu, na kwangu ndiyo kubwa: mgeni akimaliza anapanda ndege. Wewe utakutana nao msibani, kisimani, kwenye foleni ya benki. Ukiandika kwamba familia fulani ilimdhulumu mjane, hata ukificha jina, kijiji kizima kitajua. Fikiria hilo kabla ya kuandika, na ukiweza, wasomee watu ulichoandika, kwa lugha yao, kabla hujakikabidhi chuoni. Mimi niliwasomea wazee watatu sura moja. Wakanisahihisha mambo mawili, na moja kati ya hayo ndilo wasimamizi wangu walilolisifu baadaye.

Rafiki yako aliyesema ni elimu ya wakoloni, usimjibu kwa hasira. Ana sehemu ya ukweli. Hapa kwetu Tanganyika, Philip Gulliver alifanya kazi miaka ya 1950 kama mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, na tafiti zilisaidia utawala kujua nani atawaliwe vipi. Okot p'Bitek wa Uganda alipokwenda kusoma anthropolojia Oxford, aliandika baadaye kwamba tangu mhadhara wa kwanza mwalimu aliwaita Waafrika washenzi, na alipopinga hakusikilizwa. Hakukimbia. Alimaliza, kisha akatumia elimu ile ile kuwavua nguo walioandika vibaya juu ya dini za Kiafrika. Archie Mafeje, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini, naye, Chuo Kikuu cha Cape Town kilipomnyima kazi mwaka 1968 kwa shinikizo la serikali ya makaburu, alifika Dar es Salaam akaongoza idara ya sosholojia pale chuo kikuu, na mwaka 1971 akachapisha makala kali akihoji mazoea ya kueleza kila jambo la Afrika kwa neno "ukabila". Mwambie rafiki yako kwamba ugomvi anaouzungumzia umo ndani ya darasa lenyewe, na wanaoumudu vizuri ni wale waliosoma.

Nikupe na mfano mmoja ulionigusa mimi. Muhula wangu wa kwanza ng'ambo, tulipewa kusoma juu ya uhusiano wa matani. Somo hilo ni maarufu, mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown aliliandikia makala mwaka 1940 na hadi leo wanafunzi wanaisoma. Nikafungua nikijua naenda kusoma habari za mbali. Kumbe miongoni mwa maandishi ya mwanzo juu ya jambo hilo ni ya R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekuwa Amani, Tanga, na aliandika juu ya utani wa makabila ya Tanganyika. Rigby naye akaja kuandika juu ya matani ya Wagogo. Darasa zima lilikuwa linajadili utani kama fumbo la mantiki. Nikanyoosha mkono nikaeleza msiba wa shangazi yangu: mtani alivyolala kaburini akigoma kutoka, na mama yangu, aliyekuwa hajala siku mbili, alivyocheka huku analia. Kukawa kimya. Siku ile nilielewa kwamba sikuja kupokea tu.

Haya, sasa nchi. Kigezo changu ni kimoja, na nakisimamia hata kama wengine watakwambia habari za vyuo bora duniani: kozi inakupa muda gani wa kwenda fildi, yaani uwandani kwa watu unaowatafiti, na yupo nani pale anayeijua Afrika Mashariki atakayekusimamia?

Uingereza uzamili ni mwaka mmoja. Unaanza Septemba, unasoma nadharia hadi masika yao, kiangazi unaandika tasnifu. Nafasi ya utafiti wa kina ni finyu. Kwa anayetaka msingi wa nadharia haraka inafaa, na SOAS, chuo cha London, wana mizizi mirefu ya masomo ya Afrika na Kiswahili. Uholanzi nako, Leiden na Amsterdam, ni mwaka mmoja, ila karibu miezi mitatu hutengwa kwa utafiti wa uwandani, na Leiden ina kituo chake cha masomo ya Afrika. Norwe, Oslo na Bergen, ni miaka miwili na takriban muhula mzima ni wa uwandani. Kwa swali lako la makaburi, mfumo wa namna hiyo ndio ninaoupenda: unakuja Chamwino ukae tangu mvua za Desemba mpaka mavuno, uone ardhi inavyogombewa wakati wa kulima na wakati wa kuuza.

Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg linalotoza euro 1,500 kwa muhula kwa wanaotoka nje ya Ulaya. Tatizo ni lugha, kwani kozi nyingi za fani hii ni za Kijerumani. Cologne wamekuwa na shahada ya Kiingereza inayohusu utamaduni na mazingira Afrika, na Bayreuth ni nyumba ya pili ya Waswahili, kwa masomo ya Afrika na kongamano lao la Kiswahili la kila mwaka. Vienna, Austria, ndiko idara inakobeba jina hilo hilo uliloandika wewe, anthropolojia ya utamaduni na jamii. Ada kwa wa nje ya Ulaya imekuwa kama euro 727 kwa muhula, lakini jiandae kwa Kijerumani.

Marekani ni habari nyingine. Kule anthropolojia ni nyumba ya vyumba vinne: utamaduni, akiolojia, lugha na maumbile ya binadamu. Fedha zao wanaziweka kwenye uzamivu, wengi huingia huko moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza. Uzamili wa peke yake mara nyingi unajilipia mwenyewe. Bila Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, usiende kwa uzamili.

Na "nje" usiidharau ikiwa karibu. Makerere, Kampala, ndipo ilipoanzishwa mwaka 1948 taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika Mashariki, ambayo mwanaanthropolojia Audrey Richards alikuja kuiongoza. Cape Town na Johannesburg wana idara imara, ila fahamu mapema kwamba Afrika Kusini huweka mwaka wa nne, wa "honours", kati ya digrii ya kwanza na uzamili, nawe mwenye digrii ya miaka mitatu unaweza kutakiwa kuupitia. Nauli ya kurudi uwandani kutoka Kampala ni ya basi.

Nikutajie pia kozi moja ambayo Wagogo wengi wangeng'ara nayo na hawaijui: Choreomundus, ya uzamili wa miaka miwili inayosoma ngoma na urithi wa utamaduni kwa jicho la anthropolojia, iliyoanza 2012 ikiunganisha vyuo vya Norwe, Ufaransa, Hungaria na Uingereza chini ya mpango wa Erasmus Mundus wa Umoja wa Ulaya. Siyo ya swali lako. Lakini kama una ndugu aliyekulia kwenye muheme na nindo, mpelekee habari.

Ukishapata vyuo vitatu au vinne, usijaze fomu kwanza. Tafuta kwenye tovuti zao mwalimu mmoja aliyefanya kazi Tanzania, Kenya au Uganda, au anayeandika juu ya ardhi na mazishi. Soma makala yake moja, isome kweli. Kisha mwandikie barua pepe fupi, aya tatu: wewe nani, umeona nini Chamwino, swali lako ni lipi na linagusana vipi na maandishi yake. Usimwombe ufadhili. Muulize tu kama swali hilo linaweza kusimamiwa pale. Wawili hawatajibu. Wa tatu atajibu kwa mistari minne, na mistari hiyo itakufaa kuliko tangazo lolote la chuo.

Fedha. Niseme wazi: usiuze shamba kwa ajili ya digrii hii, wala usimruhusu baba auze ng'ombe. Ada za London kwa mwanafunzi wa nje zinapita pauni 20,000 kwa mwaka, na chakula bado. Nenda kwa ufadhili au subiri mwaka mwingine uombe tena. Kuomba mara mbili au tatu ni kawaida.

Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hulipia mwaka mmoja huko. Wanataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, unachagua kozi tatu, na ukimaliza unarudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Dirisha hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Wanapenda mtu anayeonyesha uongozi, nawe unayesuluhisha migogoro ya ardhi una cha kuwaambia. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola upo pia, ila hutazama orodha ya kozi na mchango wako kwa maendeleo. Sweden, taasisi yao ya Swedish Institute imekuwa ikichukua Watanzania wenye saa 3,000 za kazi. Unaomba chuo kwanza, ifikapo katikati ya Januari, halafu ufadhili, na lazima kozi iwe kwenye orodha yao ya mwaka huo. Erasmus Mundus hulipa ada na euro 1,400 kwa mwezi. GPA yako ya 3.6 ni daraja la pili la juu, inatosha kufungua milango hii, ingawa peke yake haikubebi.

Kuna habari za zamani zinazozunguka mitaani ambazo zitakupotosha. Watu bado wanasema Norwe ni bure. Ilikuwa hivyo, lakini tangu 2023 wanaotoka nje ya Ulaya wanalipa ada. Sweden walianza kutoza mwaka 2011, Finland 2017. Na "bure" ya Ujerumani ina mlango wa chuma mbele yake: kupata viza unatakiwa uonyeshe fedha za kujikimu kwenye akaunti maalumu, euro 11,904 kwa mwaka kwa kiwango cha 2024, kama huna mfadhili. Na yeyote atakayekwambia umlipe ili akutafutie ufadhili, muage hapo hapo.

Mambo ya makaratasi nitayapita haraka. Hakikisha kwa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwamba chuo kinatambulika kabla ya kukubali nafasi, ili cheti chako kisije kikakwama siku ya kuajiriwa. Chukua transkripti mapema. Barua za mapendekezo ziandikwe na walimu wanaokufahamu, uwape mwezi mzima, na uwape pia andiko lako wasome. Pasipoti ianze leo. Viza ya Uingereza itakudai cheti cha kupimwa kifua kikuu. Na utakaporudi kwa utafiti ukiwa mwanafunzi wa chuo cha nje, anza na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) miezi mingi kabla, kisha ushuke ngazi kwa ngazi: Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri, mtendaji wa kata, wa kijiji, mwenyekiti. Usimruke mwenyekiti kwa sababu ni mjomba wako. Yeye hasa usimruke.

Nimemwacha baba yako mwisho kwa sababu swali lake ndilo zito, na usimwone mzee asiyeelewa. Amekulia katika nchi yenye mvua kidogo na misimu inayogoma, lazima aulize chakula kitatoka wapi. Mwambie ukweli: hutaona tangazo la kazi linalosema "anahitajika mwanaanthropolojia". Kazi ipo kwa majina mengine. Miradi mikubwa ya reli, barabara na mabwawa inatakiwa kutathmini athari kwa mazingira na jamii, na inahitaji mtu wa kuijua jamii, anayeweza kusema kwa nini watu wanagoma kuhama hata baada ya kulipwa. Wakati wa Ebola Afrika Magharibi, kuanzia 2014, wanaanthropolojia waliitwa kusaidia kupatanisha mazishi salama na heshima ya marehemu, kwa sababu kuwaamuru watu waache kuosha maiti zao kulikuwa kumeshindikana. Taasisi za utafiti wa afya hapa nchini zinaajiri watu wa sayansi ya jamii. Kuna makumbusho, kuna kufundisha vyuoni. Mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa mwaka mzima baada ya kurudi, na hilo pia mwambie, asije akadhani umemficha.

Halafu mwombe akupeleke kwenye mahame yake. Muulize nani amelala wapi, na ni nani anayejua. Sitashangaa kama ukurasa wa kwanza wa daftari lako utatoka kwake.

Ukifikisha kurasa thelathini, niandikie tena na unitumie tano kati ya hizo, bila kuzisafisha. Nitazisoma zote, kisha tutaongea habari za chuo gani.